Penseli ya Daktari Maarika

Tartu, Februari. Mto Emajõgi umeganda,
na Helve amekuja na viatu vya kazini,
unga wa ngano bado umenasa kwenye mishono.
Ana miaka thelathini na minne, na faili
nene kuliko mkate anaouoka.

Faili limemwita mengi:
mara sonona, mara wasiwasi,
mara, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka,
*msumbufu*.

Daktari Maarika halifungui.
Anauliza: Tangu lini?
Helve anacheka. Mvua imekuwa maji tangu lini?

Kisha anamwaga, bila mpangilio:
simu kumi na tisa kwa Rasmus usiku mmoja,
ya kwanza kumbembeleza, ya mwisho kumlaani;
mama aliyeweza kununa siku tatu,
akiweka sahani mezani kama anayemlishia jirani paka;
na jinsi mtu akichelewa dakika kumi tu
yeye huwa ameshamzika, ameshamlilia, ameshamchukia,
hodi ikibishwa
hajui anamfungulia nani.

Daktari haandiki. Anachonga penseli
iliyokwisha kuchongeka.
Kitabu kina vigezo tisa; vitano vyatosha.
Lakini ni nani aliyepima
upana wa uwanja kati ya cha nne na cha tano?
Wengi wetu tumejenga huko.

Husemwa tabia haina dawa.
Husemwa mwacha asili ni mtumwa.
Sawa. Na asili ya Helve ni ipi,
kama alijifunza kukimbia
ndani ya nyumba isiyo na mlango?

"Nikikupa jina," daktari anasema,
"utalivaa kama koti, au kama ngozi?"

Helve anafikiri. Nje, mtu anakwangua theluji
kwenye kioo cha gari, kwaru, kwaru.
"Niliwahi kurithi koti la shangazi Linda.
Lilinipwaya mabegani.
Lilinuka nondo.
Lakini mwaka ule sikuugua kifua."

Basi daktari anaandika. Kwa penseli.
Helve analisoma neno kichwa chini, ng'ambo ya meza,
wala haulizi kama linapona.
Anauliza: Jumanne utakuwepo?
Nitakuwepo.
Utakuwepo kweli?
Saa nne asubuhi, Helve.

Jumanne, saa nne na dakika saba.
Mlango wa daktari umefungwa.
Kwenye benchi la korido Helve ameikunja kofia yake
mara nne, ameikunjua, ameikunja tena.
Macho kwenye saa ya ukutani.
Bado hajamzika mtu.