Kikope

Mwezi wa saba, alfajiri, umande haujakauka,
nimebeba bomba mgongoni kama mtoto aliyekataa kushuka.
Salfa haingoji jua lipande:
yataka jani lenye maji, yataka upepo uliolala.
Mikorosho ya Nambecha, mistari kumi na saba,
kisha tuta la reli ya karanga, hapa Nachingwea,
reli yenyewe iling'olewa mama hajavunja ungo.

Juu ya tuta hajalima mtu. Kokoto.
Humo ndimo kiotamo kikope,
ua la zambarau, dogo kuliko kifungo cha shati,
lenye vinywele ukingoni, ndipo lilipopata jina.
Mbuzi halili. Mganga hana kazi nalo.
Zamani, asema shangazi Somoe, lilishuka hadi kisimani.

Na yupo mdudu wake.
Kipepeo wa kijivu; akifunga mbawa humwoni,
akifungua, ni kama mtu amechungulia mlango wa uani
na kitenge cha buluu.
Hutaga hapo tu. Nimemfuata asubuhi nne:
alipita kunde, akapita mbaazi zilizochanua,
akapita hata waridi la mwalimu Chiwalo,
akarudi kwenye kikope, akakunja kiuno,
akaacha yai moja, punje ya chumvi.

Nilimcheka. Mjinga we, dunia yote hii,
ua moja?
Kicheko kikanikwama kooni pamoja na vumbi la njano.
Maana ada ya Zuhura, mkorosho.
Bati, mkorosho. Sanda ya baba, mkorosho.
Ule mwaka mnada ulipolala miezi miwili
tulikunywa uji wa mtama bila sukari,
tukiitazama stakabadhi kama picha ya marehemu.

Nambecha kasema: wiki ijayo tuta lisafishwe,
miche arobaini itaingia pale.
Hesabu yake haina kosa. Nami ananidai.

Leo nilipofika mstari wa mwisho
nikazima injini. Basi.
Si ushujaa. Mafuta yalikuwemo, karibu lita.
Wingu la njano likateremka taratibu,
likasita, likatua juu ya majani ya mkorosho wa mwisho,
hatua tisa kutoka kwenye kikope.
Nimezihesabu mara mbili.

Nilikuwa bado nimesimama, kitambaa puani,
upepo ulipoamka
ukitokea upande wa mikorosho.