Kifungo cha Shingoni

Julai, Waithaka. Ukungu umekalia mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Barabara ya maduka ni moja tu:
ukipiga chafya mlangoni pa bucha
utaombewa afya kwenye duka la mbegu.

Nimekuja kutafuta kifungo.
Kimoja. Cha kahawia, matundu manne.
Koti nililinunua mjini, kwenye jumba la vioo
ambako ngazi hupanda zenyewe
na muuzaji alinitabasamia bila kuniona.
Kifungo cha akiba hakikuwamo.
Niliporudi kuuliza, jibu lilikuwa:
nunua koti jingine, yameshuka bei.

Nduta anauza sufu.
Mabonge yamejipanga rafuni kama mikate ya asubuhi:
nyekundu ya shule ya juu, kijani ya shule ya bondeni,
na buluu moja isiyo na shule
"lakini watu huipenda tu."
Ananifungulia mkebe ulioishiwa biskuti
kabla sijazaliwa.
Tunatia vidole, tunachambua kama mchele:
cha shati la mtu aliyehamia Nakuru,
cha gauni la harusi lililogeuzwa pazia,
cha dhahabu, kisichojulikana kilitoka wapi.
Changu hakimo.
Nikatoka na mabonge mawili ya buluu.
Sijui kufuma, nilimwambia.
"Utajua," akasema, akinihesabia chenji.

Osiemo huona viatu kabla hajaona uso.
"Dada, hicho kisigino kinaenda Ngong peke yake."
Nikasimama kwa mguu mmoja, nimeshika nguzo ya stima,
misumari mitatu, pah, pah, pah,
na habari zote za kesi ya shamba la shemeji yake.

Kisha mahindi ya Moraa.
Nilichagua zuri, la manjano sawasawa.
Akaninyang'anya, akanipa lililoungua ubavu:
"Hilo ulilochukua ni la kupigwa picha."
Ndimu, pilipili, vidole vikapata uhai.

Juu ya turubai, sweta za mtumba,
mia, mia, inama uchague.
Moja ina majani mekundu kifuani,
ya nchi ambako miti huvua nguo zote pamoja
kama watoto walioona mto.
Huku kwetu mgrevilea ulio nyuma ya posho-mili
hupukutisha jani leo, jani keshokutwa,
kama mtu anayelipa deni la duka.
Ndani ya ukosi, mkono fulani umeshona jina.
Sikuweza kulisoma. Niliinunua pamoja na jina lake.

Saa kumi. Baridi imeshuka hadi magotini.
Fundi Mbatia, pedali yake inalia kama bata,
aliligeuza koti langu, akalitazama
jinsi daktari atazamavyo ulimi.
Akashika wembe. Nikapiga ukelele.
Alikwisha kata kifungo cha chini kabisa
na sasa anakishona juu, shingoni,
uzi mara nane, fundo, meno.
"Baridi huingilia hapa," akanigusa kidevu kwa kidole gumba.
"Huko chini nani anakuangalia?"

Nilitoka nyumbani na mia saba
kununua kitu cha shilingi tano.
Sasa nina sufu, sweta, kisigino,
punje ya mahindi kati ya meno,
na kifungo kilekile nilichokuja nacho.
Pesa zimekwisha; zilizo kwenye simu
ni za tokeni za stima.

"Utalipa ukipata kinachofanana," akasema.
Jumamosi, nikamwambia, Jumamosi bila kukosa.
Akachomoa penseli nyuma ya sikio,
akaandika kwenye kalenda ya mwaka juzi,
chini ya picha ya ng'ombe wa maziwa:
koti kahawia. kifungo. anarudi.