Kiatu cha Kushoto

Picha ni hii. Mimi ndiye ninayecheka,
mpira wa yai kifuani, matope hadi masikioni.
Lushinge yumo pia: tazama chini ya rundo la watu,
kiatu kile cha kushoto, kilichofungwa kwa uzi wa nyavu.
Ndiye huyo.

Mwaloni walimjua kwa shingo.
Magunia mawili ya dagaa kwa safari moja,
kutoka botini hadi mizanini,
chenji ya chai ameibana kwa meno.
Kocha Bwire alikwenda pale kununua sangara,
akamwona, akasahau sangara.

"Mpira gani huu," mama yake aliuliza, kule Igombe,
"hauna hata adabu ya kudunda?
Mnataka kwenda mbele, mnarusha nyuma!"
Lushinge akacheka, akampangia vizibo vya soda mkekani:
huyu mimi, hawa wao.
Mama akakiokota kizibo chake,
akakifunga kwenye pindo la khanga.

Mechi tisa. Nimezihesabu tena jana, ni tisa.
Uwanja wa shule, Nyakato; kwanza tunaokota mawe,
tunafukuza ng'ombe wa mtu.
Skramu ikifunga mimi niko nyuma yake,
sikio limebanwa pajani pake,
nasikia pumzi ikihesabu
kama anayepandisha gunia.

Ya tisa, wageni wa Kisumu, mvua imetoka ziwani.
Alibeba watu watatu mgongoni, wa nne kiunoni,
akaiona ardhi inakuja,
akanirushia nyuma bila kutazama.
Nikakimbia. Trai! Filimbi, vigelegele, mpiga picha.
Goti lake lilikatika kama ubua wa mtama
na hakuna aliyesikia:
tulikuwa tunaliimba jina langu.

Bugando, wiki tano.
Akarudi Mwaloni, safari hii upande wa mizani,
ameketi, mguu kanyoosha juu ya kreti, anaandika kilo.
Vijana wakimuuliza kama kweli alicheza raga
huwauliza, "Gunia lako liko wapi?"

Mwaka juzi tulimzika mama.
Shangazi akalifungua lile fundo la khanga:
sarafu ya mia mbili, kizibo chenye kutu.
Watu wakatazamana.
Lushinge akakichukua, akakifuta kwa kidole gumba.
"Namba tatu," akasema,
akakitia mfukoni,
akaondoka akichechemea kwenda kusaidia kubeba maji.