Mizani ya Jikoni

Mlangoni mwa friji kuna karatasi mbili.
Ya kushoto ni ya baba mkwe, kutoka kliniki ya kisukari.
Ya kulia ni ya Bento, kasuku wake,
kutoka kwa Dokta Ivonete
aliyempapasa kifua kwa kidole gumba, akanyamaza,
kisha akasema: Natafuta mfupa, napata mafuta.

Julai, Pelotas. Baridi inapenya chini ya mlango
na mtaa mzima unanuka sukari inayoungua,
maana hapa hata msibani watu huja na sinia la vitamu.
Miaka kumi na tisa mzee Adalgiso amemlisha ndege huyu
alizeti asubuhi, alizeti mchana,
jioni mkate uliochovywa kahawa.
"Anayeongea mezani," husema, "ale cha mezani."

Karatasi ya ndege nimeikariri, kasuku sasa ni mimi:
punje za dukani, zile za rangi ya udongo, ndizo nyingi,
boga la kuchemsha, karoti, hoho nyekundu,
sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama uzi,
dengu zilizoiva, tunda kidogo.
Alizeti tano kwa siku. Zihesabiwe.
Parachichi mwiko. Chokoleti mwiko.
Kahawa, chumvi, pombe, mwiko,
nami nimesimama na mwiko mkononi
nakoroga boga wasilolitaka wote wawili.

Siku ya kwanza alimwaga karoti sakafuni.
Siku ya pili alikamata kipande cha boga kwa mguu,
akakiinua kama hakimu ainuavyo kidhibiti,
akakiachia.
Siku ya tatu akaita, kwa sauti ya mzee,
ile ya zamani, ya kabla ya meno ya bandia:
"Kahawa iko wapi, binti?"
Na kutoka chumbani mzee mwenyewe akajibu:
"Hata mimi nauliza."

Nikasema njaa itamfunza. Dokta akanifokea kwenye simu:
Ndege hafungishwi, Nelci! Mbadilishie polepole,
na kila asubuhi mpime.
Sijui mizani nyingine ila hii ya jikoni,
ninayopimia wali wa mzee.
Bento hupanda sahani, hukunja kucha, hunitazama kwa jicho moja.
Gramu mia tano na ishirini.
Wiki nzima, mia tano na ishirini.
Alizeti nazihesabu kama noti za mshahara,
na ndege hapungui hata unyoya.

Jumapili, nikimpa dengu, akasogea sikioni,
akanong'ona:
"Shii. Usimwambie Nelci."

Sikumwambia mtu. Usiku nilikaa gizani, nimejitanda blanketi.
Saa nane zikaja soksi za sufu, zikiburura,
mfuko wa alizeti kwapani,
na mkono mwingine umebeba kitamu cha nazi na viini vya mayai,
kile anacholetewa na Osmar kila Jumamosi kutoka bandarini,
mume wangu, asiyejua kumnyima baba yake.
Kitambaa cha tundu kikafunuliwa.
Ka, ka, maganda yakapasuka.
Wazee wawili wakila bila taa.
Nilirudi kitandani kimya. Ningesema nini?

Asubuhi nikavuta tundu hadi mezani.
Nikamwambia mzee: Dokta anasema kasuku hula
anachokiona kikiliwa. Usipokula boga wewe, hatakula.
Na ini lake likishindwa, baba,
nani atabaki na sauti yako ya zamani?

Akalitazama boga kama deni la mtu mwingine.
Akatia kijiko kinywani. Macho yakamlenga machozi
(anasema ni mvuke).
"Mmm," akasema, mwongo mkubwa.
Bento akainamisha kichwa. Akachukua kipande kwa mguu.
Akalamba. Akakwangua kidogo. Kingine akamtupia paka.

Sasa "mmm" ndilo neno lake.
Huliambia boga, hoho, mlango unaofungwa,
huiambia hata karoti iliyo njiani kwenda sakafuni.
Leo, gramu mia tano na kumi na moja.
Mzee amegoma kupimwa.