Utenzi wa Suruali ya Kaki

Mimi ni muuza chai,
uongo haunifai,
nasema, wala sidai,
niliyoona machoni.

Enzi zile za dhahabu
Chunya mji wa taabu,
wa vumbi na majaribu
na ulevi magengeni.

Alikuja Tusekile
toka Rungwe, pande zile,
punda sita na mchele
wa Kyela maguniani.

Suruali yake kaki,
viatu havifungiki,
kofia haivuliki
hata mle kanisani.

Mluzi wake mkali,
punda husikia mbali,
fisi nao hawalali,
huitika kwa huzuni.

Chui alimvizia,
akatupa sufuria,
chui yule kakimbia
Kawetere mlimani.

Wanaume walicheka:
"Huyu dada, ama kaka?"
Karata akazishika,
wakalala na madeni.

Nami nikamshauri:
"Vaa vitenge vizuri,
uolewe kwa mahari
ya ng'ombe wa Usanguni."

"Punda hataki kitenge,
njia ina mawe, genge;
ya nini mi nijifunge
kama mzigo wa kuni?"

Akanywa, akamaliza,
kikombe akakilaza,
punda akawahimiza,
jua lipo milimani.

Ndipo akaja Mgaya,
fundi mpole wa haya,
kapitia huko Mbeya
toka Njombe baridini.

Begani ana gitaa
la debe, limechakaa,
nyuzi nne zimekaa,
wa tano, wa cherehani.

Siku hiyo Tusekile
karuka mtaro mbele,
tukasikia kelele
ya kaki, huko pajani.

Soko zima likaganda,
akacheka hata punda.
Mgaya mbio akenda,
koti lake mkononi.

Hakucheka, hakunena,
kasema tu: "Nimeona.
Uzi wake duni sana,
kosa liko kiwandani."

Asiyeogopa chui,
wala fisi hambagui,
kwa futi, hajitambui
ikipita kiunoni!

Masikio yakawaka,
kofia ikaanguka,
chai ikanimwagika
nikiduwaa mezani.

Jioni akaja tena:
suruali kaichana
kwa kisu, nikamuona,
kusudi, uchochoroni.

Kesho kifungo katoa,
mtondo pindo kang'oa.
Mgaya hajatambua,
anasonya: "Kiwandani!"

Ila usiku, gitaa
chini ya mwanga wa taa
na mluzi, vikakaa
sauti moja hewani.

Wachimbaji wa karata
waliacha kutafuta
dhahabu; wakaikuta
pale pale barazani.

Mgaya haya ni nyingi:
akipokea shilingi
hubadili hata rangi,
hutazama viatuni.

Tuse kachoka kuchana,
viraka vyasukumana,
akasema: "We kijana,
utashona hadi lini?

Punda mmoja mzima
na mchele nilopima,
mahari nakupa. Sema,
niifikishe kwa nani?"

Fundi kameza sindano
(samahani, ni mfano),
akatetema mikono,
kapata neno: "Nyumbani."

Siku ya ndoa twangoja,
gauni jeupe laja,
limeshonwa kwa pamoja
na suruali kwa ndani!

Ina mifuko, hesabu:
wa mizani ya dhahabu,
wa karata za ajabu,
na wa futi, kifuani.

Akapanda punda wake,
mume juu, nyuma yake,
aomba asidondoke
wakishukia bondeni.

Siku hizi, suruali
ikitoboka mahali,
siamini ni ajali,
wala kosa kiwandani.