Tundu la Pini

Mimi nabadili pesa pale kona ya duka la mikate:
meza moja, mwavuli mmoja, matofali ya franka yaliyofungwa mpira.
Miaka tisa Bwana Rifat ananiletea dola za mauzo
na mkate wa moto ndani ya gazeti.
Ijumaa ile hakuleta dola. Alileta kadi yenye utepe.
"Mutoto yangu Tolga anaoa. Kyungu, ukuye na koti."

Koti ni la shemeji. Mikono yake mirefu
ilinifanya nionekane kama mtoto aliyeiba.
Juni, vumbi jekundu, baridi ya Lubumbashi ile ya kuuma masikio,
na hema jeupe nyuma ya tanuri.

Mlangoni kijana akanimiminia kitu viganjani.
Nikadhani maji ya kunawa; nikanawa na uso.
Limau na spiriti! Nikaingia arusini nalia,
na mama mmoja wa Kituruki akanipigapiga mgongo,
akidhani nampenda sana bwana arusi.

Nilitafuta Simba ya baridi mezani.
Nikapewa mtindi wenye chumvi.
Nikanywa. Nimezaliwa Kamalondo, si mbali na hema lile,
na ndani yake ni mimi peke yangu
niliyekuwa sijui asimame lini mtu, akae lini.

Bibi arusi alipokwisha kutia sahihi
alimkanyaga Tolga kiatu, kisigino chote,
hema likalipuka kwa kicheko.
Hilo nililielewa bila mkalimani.

Mama yake hakupata viza.
Alikuwa ndani ya simu, simu juu ya kiti,
kiti kimevikwa kitambaa cha hariri,
na watu walipita wakikiinamia kiti.

Kisha foleni. Mtu wa kipaza sauti anataja:
shangazi, bangili. Mjomba, sarafu ya dhahabu, utepe mwekundu.
Halafu, Mungu wangu, noti.
Noti za mia, mpya, zinanukia benki,
na pini. Wanazitoboa!

Katika mji huu dola yenye jeraha la unywele
hailipi hata teksi.
Mimi mwenyewe nilimrudisha mjane na noti yake
kwa kona iliyochanika kiasi cha ukucha wa mtoto.
Kila pini ilipoingia niliisikia tumboni.

"Kungu!" wakaniita, jina langu limepungua herufi.
Nilikuwa na hamsini, niliyoichagua usiku kwa taa,
isiyo na mkunjo. Mkono ukagoma.
Bibi arusi akaninyang'anya pini,
akamtoboa sikio yule mzee mwenye ndevu aliyechorwa,
kama anamvika hereni.

Wakanivuta kwenye mstari,
kidole kidogo ndani ya kidole kidogo.
Umeme ukakatika. Ngoma haikujali.
Gizani ilibaki simu moja inawaka juu ya kiti,
uso wa mwanamke, anapiga makofi
akiwa nyuma yetu hatua mbili.

Jumanne akaja mezani kwangu, peke yake,
hina bado viganjani, na rundo.
Nikaanza maneno yangu ya kila siku:
"Dada, hii iko na tundu. Hii nayo. Hakuna kambisti atakayeipokea."
Akanisikiliza hadi mwisho, haelewi neno.
Akapekua, akatoa ile hamsini,
akagusa sikio la mzee,
kisha akagusa lake, akacheka.

Niliiinua noti juani.
Doa dogo la mwanga likaangukia franka zangu,
likawa linatembea, maana mkono ulikuwa hautulii.
Nikahesabu. Nikahesabu tena.
Kiwango cha siku, sikukata kitu.

Noti kumi na nne zimelala chini ya sanduku mpaka leo.
Yule mjane nimeuliza anakaa wapi.
Katuba, wanasema.
Katuba ni kubwa.