Swali la Kumi na Mbili

Fomu ina maswali kumi na moja.
Niliyatunga mwenyewe, ofisini Upper Hill,
juu ya meza isiyoyumba.

Kerubo ananipindulia ndoo nikae.
Mukuru imenyeshewa usiku kucha,
viatu vyangu vimebeba nusu ya kichochoro.

Je, mafunzo ya ushonaji yalikufaa?
"Sana," kabla sijamaliza kuuliza.
Tiki.
Je, walimu walikuwa na ujuzi?
"Sana."
Tiki.
Je, ungempendekezea jirani?
"Sana, dada. Sana."

Nyuma yake, ukutani,
cherehani tuliyompa imevishwa kitambaa cha kufuma,
juu ya kitambaa redio,
juu ya redio maua ya plastiki.
Gurudumu limekauka, halinuki mafuta.

Mwaka jana niliripoti wahitimu arobaini.
Arobaini ndio waliotosha kwenye picha.

Nafunika kalamu.
"Mara ya mwisho kuikanyaga ni lini?"
Hilo halimo kwenye fomu.
Ananitazama kama fundi
anayepima kitambaa kwa jicho kabla ya kukata.

"Nikisema, mtaichukua?"
"Hatuichukui."
"Apa."

Nikaapa.

Basi ikatoka: darasa lilianza saa tatu asubuhi,
na saa tatu yeye yuko South B, anafulia watu nguo.
Siku thelathini, alihudhuria saba,
mtoto mgongoni, mtoto akilia,
mwalimu akikunja uso.
"Mstari wa kunyooka naujua.
Kola hatukufika.
Yaani, nyinyi mlifika."

Bosi alisoma ripoti mpya akavua miwani.
"Hii tutaipelekaje kwa mfadhili?"
Hivyo hivyo, nikasema,
sauti yangu ikiwa nyembamba kama uzi wa mwisho.

Sasa tunaanza saa kumi jioni.
Kuna mkeka pembeni, na Mama Mbaika wa kushika watoto.
Wanafunzi ni kumi na tisa. Wawili wameshaacha;
nitawatafuta Jumanne, nijue kwa nini.
Fomu ina swali la kumi na mbili,
nalo huulizwa kwanza:
Tulikukosea wapi?

Wiki jana Kerubo alinishonea shati.
Kola imeenda upande kidogo, kushoto.
Nililivaa mbele ya mfadhili, sikulificha kwa skafu.

Usiku simu ikalia, ujumbe wake:
Shati linakaaje? Usinipake mafuta.

Nikafuta "vizuri sana."
Nikaandika: Linanikaba shingoni.

Akajibu: Lete.